Feni ya bafuni imezimwa swichini lakini testa bado inawaka: je, ni salama kuifungua?

Mkaazi wa Tudor

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa umeme kabla sijafanya jambo nitakalolijutia.

Naishi katika nyumba ya kupanga huku Tudor, Mombasa, orofa ya tatu, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Bafu letu halina dirisha. Lina tundu la duara ukutani, juu kidogo ya mahali tunapoogea, na ndani yake imefungwa feni ndogo ya kutoa hewa, ile ya plastiki yenye upana wa inchi nne. Kwa wiki mbili sasa feni hiyo haizunguki. Nikiiwasha inanguruma kwa sauti ya chini kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, na baada ya dakika chache hutoa harufu ya plastiki iliyopata moto, ndipo ninapoizima haraka. Tangu iharibike, dari limeanza kuota ukungu mweusi pembeni na taulo hazikauki kabisa.

Juzi niliamua kuifungua mwenyewe. Nilizima swichi yake iliyoko nje ya mlango wa bafu, nikapanda juu ya stuli ya plastiki, nikatoa kifuniko kwa bisibisi. Ndani nilikuta vumbi lililoshikana na unyevu mpaka limekuwa kama sufi iliyolowa, na nyuma yake nyaya tatu: mwekundu, mweusi, na wa kijani ambao umekatwa na kukunjwa nyuma bila kufungwa popote. Kabla ya kugusa chochote nilijaribu kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Nilipoigusisha skrubu ya waya mwekundu, kitaa kiliwaka. Nilishuka, nikahakikisha swichi imezimwa kweli, nikapanda tena, na kitaa kikawaka vile vile. Nikarudisha kifuniko na kuacha kazi hapo.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, inawezekanaje waya uwe na umeme ilhali swichi imezimwa na feni yenyewe imenyamaza? Pili, rafiki yangu amenishauri ningoje stima ipotee mtaani, kisha niifungue na kuisafisha kwa utulivu wakati huo, kwa kuwa hapo hakutakuwa na umeme hata kidogo. Je, ushauri huo ni salama?

Fundi wa Majengo

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ulifanya vyema kushuka, na naomba usipande tena mpaka usome haya hadi mwisho. Mimi ni fundi wa umeme na nimeingia katika mabafu mengi ya Mombasa. Hali unayoieleza nimeikuta mara nyingi.

Swichi ya ukutani ni ya kuwasha na kuzima kifaa. Haikuwekwa pale ili kumlinda mtu anayeshika nyaya. Feni ikinyamaza, maana yake ni kwamba mzunguko wa umeme umekatika mahali fulani, na mahali hapo huenda pasiwe pale unapopadhania. Sababu ninayoishuku zaidi kwako ni kwamba aliyefunga nyaya aliipitisha swichi kwenye waya wa nyutro, unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto, unaouleta. Ukizima swichi ya namna hiyo, umeme hauna njia ya kurudi, kwa hiyo feni inasimama. Lakini waya wa moto unaendelea kufika mpaka ndani ya feni ukiwa na volti zake 240 kamili, unangoja tu mtu aupe njia nyingine ya kupita. Ukiushika ukiwa umeegemea ukuta wenye majimaji, njia hiyo ni wewe.

Zipo sababu nyingine. Feni zenye saa ndani, zile zinazoendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya taa kuzimwa, huletewa waya wa moto wa kudumu usiopita kwenye swichi. Yako ina waya mmoja wa moto na mmoja wa nyutro, kwa hiyo sidhani kama ni ya aina hiyo. Vile vile, waya usio na umeme uliolala kwa urefu sambamba na waya wenye umeme unaweza kuazima volti kidogo zisizo na nguvu, na testa ikawaka kwa mwanga hafifu. Je, kitaa chako kiliwaka hafifu, au kiliwaka sawa na kinavyowaka ukikijaribu kwenye soketi? Jibu la swali hilo litatusaidia, ingawa kwa vyovyote vile unapaswa kuamini kwamba umeme upo.

Nataka nieleze kwa nini bafuni si mahali pa kubahatisha. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi kikubwa, lakini ngozi iliyolowa au yenye jasho hupoteza kinga hiyo, na mwili mzima unaweza kubaki na ukinzani wa omu 1,000 tu hivi. Gawanya volti 240 kwa 1,000 na utapata ampea 0.24. Moyo wa mtu mzima unaweza kuvurugika mapigo yake kwa mkondo unaozidi ampea 0.03 ukidumu kwa muda mfupi tu, na mkondo mdogo kuliko huo, wa ampea 0.01 hivi, unatosha kuukaza mkono mpaka mtu ashindwe kuuachia waya. Sasa fikiria breka ya taa yenye ampea 6. Breka hiyo inangoja mkondo uzidi ampea 6 ndipo ikate, na wewe unapitisha 0.24. Haitajua kamwe kwamba kuna mtu ananaswa, kwa sababu breka huwekwa kuzilinda nyaya zisiungue.

Kifaa kinachoweza kumlinda mtu ni kile chenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T, mafundi tunakiita RCD. Hicho hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika ampea 0.03 hukata ndani ya theluthi moja ya sekunde. Angalia kama bodi yako ya umeme inacho, ubonyeze kitufe hicho, na kama hakikati umeme papo hapo basi kimekufa. Lakini hata kikiwa kizima, kina mpaka wake: ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono mwingine, umeme utapita kifuani mwako ukitoka na kurudi kwa kiasi kile kile, na kifaa hicho hakitaona tofauti yoyote.

Kuhusu testa yako, imekusaidia juzi, lakini usiifanye hakimu. Kitaa chake huwaka kwa sababu mkondo mdogo mno hupita mwilini mwako mpaka ardhini. Ukiwa umesimama juu ya stuli ya plastiki na umevaa kandambili za mpira, mkondo huo unaweza kuwa mdogo zaidi hata kitaa kisionekane, hasa mchana. Kwa hiyo testa ikiwaka, iamini. Isipowaka, hujathibitisha chochote. Anayetaka uhakika hutumia multimita iliyo nzima au taa ya majaribio yenye nyaya mbili, na hufuata mpango huu bila kuruka hatua: anaipima kwanza kwenye soketi anayojua ina umeme ili kuhakikisha kipimo kinafanya kazi, kisha anapima kwenye feni kati ya moto na nyutro, kati ya moto na athi (waya wa ardhini, yaani ule wa kijani), na kati ya nyutro na athi, halafu anarudi kwenye soketi ile ile na kupima tena. Ile safari ya mwisho ya kurudi wengi huiona kuwa usumbufu, kumbe ndiyo inayokuambia kwamba kipimo hakikufa katikati ya kazi.

Kwa sasa fanya jambo moja tu. Ukiwa umekauka, umevaa viatu, na bafu halina maji sakafuni, wala hakuna aliyeoga karibuni, zima breka ya taa kwenye bodi, kisha mwombe mtu mzima asimame karibu nawe unapojaribu testa peke yake bila kugusa waya wowote. Utuambie umeona nini. Bora zaidi, mwachie fundi hata hatua hiyo.

Binti Kisauni

Naomba nijibu swali la pili, la kungoja stima ipotee, kwa sababu jambo hilo limetufika nyumbani kwetu.

Kaka yangu mkubwa aliwahi kufikiri hivyo hivyo. Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, na yeye akaona hiyo ndiyo nafasi yake ya kubadilisha kishikio cha taa ya bafuni, bila hata kugusa bodi. Alikuwa juu ya stuli, nyaya mbili ziko wazi mkononi, umeme uliporudi. Hakunaswa kwa muda mrefu, Alhamdulillahi, kwa sababu mshtuko ulimrusha. Lakini alianguka na mkono ukagonga ukingo wa sinki, mfupa wa kifundo ukavunjika mara mbili. Alikaa na plasta wiki sita. Daktari alimweleza kwamba watu wengi wanaoletwa wakiwa wamepigwa na stima huwa wameumizwa na kuanguka kama walivyoumizwa na umeme wenyewe. Tangu siku hiyo mama hakubali mtu apande juu ya stuli bafuni. Atatumia ngazi yenye miguu minne, na mtu wa kuishika.

Stima inapopotea hakuna mtu aliyeikata kwa ajili yako, na hakuna atakayekubishia hodi kabla ya kuirudisha. Tena siku hizi majengo mengi yana jenereta au inverta yenye betri. Taa za ngazini zikizimika mtaa mzima, keateka, yaani mtunzaji wa jengo, anawasha jenereta, na nyaya zako zinapata umeme kutoka upande ambao hukuufikiria.

Nina swali kwako pia, ndugu wa Tudor. Je, maji mnayoogea ni ya kisima? Na mna shawa ya umeme? Nauliza kwa sababu sisi huku Kisauni maji yetu ya kisima yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Kwa muda mrefu mama alikuwa akisema kwamba bomba la shawa linamwasha vidole, nasi tukadhani ni uzee. Fundi alipokuja alikuta waya wa athi haukufungwa, na shawa yenyewe haikuwa ya kutumiwa na maji ya chumvi.

Mkaazi wa Tudor

Nawashukuru nyote, na pole sana, dada, kwa yaliyomfika kaka yako. Wazo la kungoja stima ipotee nimeliacha kabisa.

Nimefanya kama alivyoelekeza Fundi, mke wangu akiwa amesimama mlangoni. Jibu la swali lako, Fundi, ni kwamba kitaa kinawaka kwa nguvu, sawasawa na kwenye soketi. Nilizima breka iliyoandikwa taa. Taa zote za nyumba zilizimika, hata ya bafuni, lakini testa kwenye feni iliendelea kuwaka. Nilistaajabu. Nikazima breka za soketi, ya kwanza na ya pili, na bado ikawaka. Mwishowe nikazima breka kubwa ya ampea 32, ambayo ni ya shawa ya umeme, na hapo kitaa kikazimika. Nilirudia mara mbili ili nisijidanganye, na jibu likawa lile lile: feni inapata umeme kutoka kwenye shawa.

Naam, dada, shawa ya umeme tunayo, na maji ni ya kisima cha jengo; chai yake tu inakuambia kuwa ina chumvi. Kwenye bodi yetu sikuona kifaa chenye kitufe cha T.

Sasa kwa kuwa nimejua breka ni ipi, je, naweza kuizima na kuendelea kusafisha feni?

Fundi wa Majengo

Hapana, ndugu yangu. Naomba uniwie radhi kwa kukukatalia waziwazi, lakini ulichokigundua ni kikubwa kuliko vumbi la feni. Izime breka hiyo ya shawa na uiache imezimwa. Bandika karatasi juu ya bodi yenye maandishi makubwa kwamba isiwashwe, na uwaeleze watoto na kila anayeingia nyumbani. Mtaoga maji baridi kwa siku chache, na kwa hali ya hewa ya Mombasa hilo linavumilika.

Sababu yangu ni hii. Shawa ya umeme ya kawaida hutumia wati 5,500 hivi, yaani karibu ampea 23, ndiyo maana hupewa waya mnene wake peke yake na breka ya ampea 32. Feni ya inchi nne hutumia wati 20 hivi, ambazo hazifiki hata ampea 0.1. Aliyefunga feni yako alifika bafuni, akaona safari ya kuleta waya kutoka kwenye mstari wa taa ni ndefu, akafungua kisanduku cha swichi ya shawa na kuchomoa umeme pale. Karibu nina hakika alitumia waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa, ambao hulindwa kwa breka ya ampea 6 au 10. Sasa waya huo umelindwa na breka ya 32. Likitokea tatizo la kuufanya ubebe ampea 25, utaungua ndani ya ukuta na breka haitashtuka, kwa kuwa kwake ampea 25 ni kazi ya kawaida ya kila asubuhi.

Na tatizo lenyewe umeshaanza kuliona. Mota ya feni iliyokwama hainyamazi. Inanguruma, na nguvu yote ambayo ingezungusha mapanga inageuka kuwa joto. Harufu uliyoinusa ni ya nyaya nyembamba za mota zikipikwa. Feni nzuri ina fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa ndani ya mota, nayo hukatika mota ikipata moto kupita kiasi. Nawaomba wote mnaosoma: fyuzi hiyo ikikatika, msiiunganishe kwa kipande cha waya ili feni ifanye kazi tena. Nimeiona kazi hiyo kwa macho yangu, imefungwa vizuri kwa tepu, na kifuniko cha feni kimeyeyuka kuelekea chini kama mshumaa. Ile sufi ya vumbi uliyoieleza ndiyo ingekuwa ya kwanza kushika moto.

Kwa hiyo mwite fundi mwenye cheti cha Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, umwombe akuonyeshe cheti chenyewe. Aliyenacho haoni haya kukitoa. Kwa kuwa wewe ni mpangaji, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, kwa sababu nyaya zilizo ukutani ni mali yake na kasoro hii haikuanza nawe. Mwambie fundi atakayekuja mambo yafuatayo, na usione aibu kuyasoma kwenye karatasi. Feni iondolewe kabisa kwenye mstari wa shawa na ipelekwe kwenye mstari wa taa. Iwekewe nje ya bafu aisoleta, yaani swichi inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, pamoja na fyuzi ya ampea 3. Swichi ikate moto, wala si nyutro. Na kwenye bodi pawekwe kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha ampea 0.03, kitakachosimamia bafu lote, shawa ikiwemo.

Kuhusu mahali ilipo, pima urefu kutoka sakafuni. Feni iliyo juu ya mahali pa kuogea na chini ya mita 2.25 iko ndani ya eneo ambalo maji huruka, kwa hiyo inatakiwa iwe imeandikwa IPX4 (alama ya kuhimili maji yanayoruka) au zaidi, au iwe ya volti 12 ambayo transfoma yake inakaa nje ya bafu. Na ule waya wa kijani uliokatwa ukaguliwe. Feni yenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa imekingwa mara mbili na haihitaji athi, ila isiyo na alama hiyo ni lazima ifungwe.

Usiamini sana rangi za nyaya. Nyumba za zamani zina mwekundu kwa moto na mweusi kwa nyutro, za karibuni zina kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro, na nyingi za Mombasa zina mchanganyiko wa zote mbili kwa sababu kila fundi aliyepita aliongeza kipande chake.

Mzee wa Kuze

Wanangu, nimesoma yote na nimeridhika na maneno ya Fundi. Mimi nilifanya kazi ya mitambo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema kidogo juu ya feni yenyewe, kwa nini inakwama huku kwetu upesi hivyo.

Hewa ya pwani ina chumvi. Upepo wa kusi unapovuma, kuanzia mwezi wa Aprili hivi mpaka Septemba, ukuta unaotazama bahari hupigwa na mvua na chumvi kwa pamoja, na feni isiyo na vipande vya nje vya kujifunga hupokea yote hayo mgongoni. Mhimili wa mota hushika kutu, vumbi la taulo na poda ya kuogea linaongezeka, na mafuta kidogo yaliyokuwemo hukauka. Skrubu za kufungia nyaya nazo huota ule unga wa kijani wa shaba, zinalegea, zinapata joto. Kwa sababu hiyo mimi humshauri mtu asafishe feni ya bafuni kila mwaka kabla ya kusi na baada yake.

Kazi hiyo ya kusafisha mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe, endapo tu aisoleta ipo, imekatwa, na pamepimwa kama Fundi alivyoeleza. Tumia brashi kavu ya rangi na kitambaa kilichokamuliwa. Usipulizie maji wala sabuni ya maji kwenye mota. Zungusha mapanga kwa kidole. Yakizunguka mepesi na kusimama taratibu, mota ni nzima. Yakiwa mazito, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili linatosha. Wapo wanaotia mafuta ya kupikia, nayo baada ya mwezi hugeuka gundi na feni inakwama vibaya kuliko mwanzo. Iwapo mota imeshatoa harufu ya kuungua, kama hii ya mwanangu wa Tudor, usiisumbukie, nunua nyingine.

Jambo la pili ni kwa huyo mkeo aliyesimama mlangoni, mwanangu, maana umefanya vizuri kumweka hapo, lakini je, ulimweleza afanye nini? Mtu akinaswa, silika ya anayempenda ni kumkimbilia na kumshika, naye akanaswa pia. Mwonyeshe swichi kuu ilipo na ajizoeze kuizima hata gizani. Akishindwa kuifikia, amsukume aliyenaswa kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mpini wa ufagio wa mti, naye asimame mahali pakavu. Baada ya umeme kukatwa, kama aliyeanguka hapumui, apige simu 999 au 112 na aanze kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka mpaka msaada ufike. Na aliyepigwa na stima akainuka akisema hana neno, apelekwe hospitali vile vile, kwa kuwa mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Mkaazi wa Tudor

Shikamoo, mzee wangu, na asante. Kweli sikuwa nimemweleza. Jana usiku tulizima taa zote, naye akatembea kutoka bafuni mpaka kwenye bodi akipapasa ukuta, akazima swichi kuu. Mara ya kwanza alikosea mlango wa kabati. Mara ya tatu alifika bila kusita.

Naomba niwaarifu yaliyotokea. Mwenye nyumba nilimwandikia, na kwa siku mbili hakujibu. Nilipomtumia picha ya bodi na kumweleza kuhusu breka ya 32, alipiga simu saa hiyo hiyo na kukubali kulipia. Fundi alikuja leo asubuhi, akanionyesha cheti chake kabla hata sijamaliza kuuliza. Alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli yake mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni, kisha akapima soketi yenye umeme ya nje ya nyumba yetu, feni, na soketi ile tena, kama mlivyosema.

Alipofungua kisanduku cha swichi ya shawa tuliona kila kitu. Waya mwembamba wa feni ulikuwa umesokotwa juu ya waya mnene wa shawa kwa mkono, bila konekta, ukafungwa kwa tepu ambayo gundi yake imeyeyuka na kuchuruzika. Plastiki ya waya huo, kwa urefu wa kidole changu cha kati, ilikuwa imegeuka kahawia na kukakamaa kama ukoko wa wali; fundi alipoikunja kidogo ilipasuka na kudondoka vipande, na shaba ikabaki tupu, nusu inchi kutoka kwenye ukingo wa kisanduku cha chuma. Swichi ya feni ilikuwa inakata nyutro, kama Fundi wa Majengo alivyoshuku tangu mwanzo.

Feni mpya ni ya IPX4, kwa sababu tulipopima tulipata mita 2.1 kutoka sakafuni. Imefungwa kwenye mstari wa taa, ina aisoleta nje ya mlango na fyuzi ya ampea 3, na bodi sasa ina kitufe cha T ambacho nimekibonyeza mwenyewe mara mbili. Waya wa zamani umetolewa wote ukutani. Shawa haikuwa na athi, dada Kisauni, na fundi amekataa kuiwasha mpaka iletwe ile inayofaa maji ya chumvi, kwa hiyo bado tunaoga maji baridi.

Keateka alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akatuambia kwamba feni za nyumba zote nane za jengo hili zilifungwa wiki moja na mtu mmoja. Tulishuka naye orofa ya pili, tukabisha hodi kwa jirani, na kwa idhini yake fundi akafungua kisanduku cha shawa yao: waya mwembamba juu ya mnene, tepu ile ile. Breka yao ya shawa imezimwa tangu saa nne asubuhi, na fundi anarudi Jumamosi kwa zile nyumba saba zilizobaki.